Kilo za Kogo

Mama alipasuliwa nyonga Jumanne, na Alhamisi asubuhi nikamkuta amesimama. Amesimama, jamani! Ameshika ile fremu ya chuma ya kutembelea, leso imefungwa juu ya gauni la hospitali, na kijana mmoja wa mazoezi yuko kando yake anamwelekeza: "Mguu mbaya kwanza, mama, halafu mzuri. Pole pole." Mama akapiga hatua tatu, akarudi kukaa kitandani jasho likimtiririka kama mtu aliyetoka kuchuna chai mchana kutwa, akaniangalia akicheka. Mtoto mwema angemshukuru Mungu pale pale. Mimi nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka, nikatoka nje kwenye baraza nikajifanya napokea simu.

Sikumkasirikia mama, wala yule kijana. Nilikasirika kwa sababu mfupa huo huo uliwahi kuvunjika katika boma letu, mahali pale pale, na mwenye mfupa hakusimama tena. Niliporudi ndani muuguzi alikuwa anambandua mama plasta mkononi, na harufu ya ile gundi ikanipata kabla sijajiandaa. Kuna watu hurudishwa utotoni na harufu ya mvua au ya mandazi. Mimi ni plasta.

Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya, na huyu wangu alikuwa mama yake baba. Aliishi uani kwetu, nyumba ya pili, kwenye mteremko ng'ambo ya Mogogosiek, mahali ambapo ukifungua dirisha asubuhi unaona majani chai mpaka macho yachoke. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya kiwanda, ile ya majani yanayokaushwa, ambayo wageni huisifu sana na sisi tulidhani ndiyo harufu ya hewa yenyewe. Kogo alikuwa mfupi, mkavu, na ulimi wake ulikuwa wembe. Alikwenda kanisani kila Jumapili na kituoni kila siku ya kupeleka majani, na sijui ni wapi alikoamini kwamba Mungu anamwangalia zaidi.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye chai mnakijua kituo: kile kibanda cha mabati kando ya barabara, mizani inaning'inia kwenye boriti, ina uso wa duara kama saa na ndoano chini yake. Unatundika gunia lako, sindano inazunguka, inatetemeka, inatulia, karani anasoma kilo kwa sauti. Watoto tulisimama pale tukiangalia ile sindano kuliko watoto wa siku hizi wanavyoangalia simu. Majani mazuri yanapanda lori yanaenda kiwandani. Majani mabaya yanakataliwa, na mwenyewe anayabeba mgongoni kurudi nayo nyumbani huku watu wote wakimwangalia.

Kogo alikuwa kwenye kamati ya kituo, na kazi hiyo aliifanya kama mtu aliyetumwa kutoka mbinguni. Wizi wa kilo aliuchukia kuliko uchawi. Kuna jirani mmoja aliweka jiwe katikati ya gunia ili liwe zito. Kogo aliingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akalitoa, akaliinua juu watu walione. "Hii nayo kiwanda kitaisaga saa ngapi?" Watu walicheka mpaka yule mwanamume akaacha gunia akaenda zake. Siku nyingine alimfungua mama yangu mwenyewe gunia, mke wa mtoto wake wa kuzaa, mbele ya foleni yote, akashika konzi ya majani akayakamua maji.

"Ni mvua, Kogo," mama akasema.

"Mvua ilinyesha kwa gunia lako peke yake?"

Mama aliyamwaga majani yake kwenye turubai akayaanika moja moja huku machozi yanamtoka. Nilikuwa nimeshika leso yake. Nilimwonea huruma, sikatai, lakini zaidi nilijivunia Kogo. Kwa hivyo mambo ya jiwe na kilo sikufundishwa na mwizi yeyote. Nilifundishwa na Kogo, kwa kukataza.

Nilikuwa darasa la pili alipoanguka. Hakuanguka kutoka mahali pa juu, hakusukumwa na ng'ombe, hakukimbia popote. Alikuwa anatoka jikoni kwake asubuhi ameshika sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa ya mursik, ambacho alikuwa amemaliza kukisugua ndani kwa mkaa. Usiku kulikuwa kumenyesha. Mguu ukateleza mlangoni, akakaa chini kwa ubavu, basi. Mimi niliona. Ilikuwa kama mtu aliyekosea kiti. Kibuyu kilimtoka mkononi kikabingirika mpaka kwenye kitalu cha sukuma, kikasimama, kizima kabisa. Nilikimbilia kibuyu kwanza. Nilikiokota nikampelekea nikiwa na furaha. "Kogo, hakijavunjika!" Yeye alikuwa ameuma midomo, uso umekuwa wa kijivu, na hakunyoosha mkono kukipokea.

Hicho kibuyu ndicho kilichotuponza. Baba alipofika kutoka shambani alikigeuza geuza mikononi, akatafuta ufa, hakuuona. "Kibuyu hakijapata hata alama," akasema, "mtu mzima avunjike vipi?" Majirani wakaja, kila mmoja akaonyeshwa kibuyu, kila mmoja akatikisa kichwa akakubali kwamba anguko lilikuwa dogo. Kwetu sote sotet ni kitu cha kuvunjika na mtu ni kitu cha kudumu. Wakasema ameteguka tu. Mama akachemsha maji ya chumvi, akamkanda.

Siku ya tatu baba alimwita mzee mmoja wa kuunga mifupa, kutoka upande wa Roret. Msinielewe vibaya, hakuwa tapeli. Mikono ya watoto walioanguka kwenye miti aliiunga vizuri sana, na kuna ndama wetu mmoja aliyetembea kwa sababu yake. Alimpapasa Kogo, akasema nyonga imetoka mahali pake, irudishwe. Nilitumwa mtoni na mtungi mdogo ili nisisikie, lakini mto wetu hauko mbali kiasi hicho. Niliyemsikia akilia alikuwa baba. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku hiyo ni baba aliyevutwa mguu, kwa sababu Kogo hakutoa sauti hata kidogo. Nilipokuja kuona leso yake imetobolewa na meno ndipo nikauliza, na nikafukuzwa nje.

Baada ya hapo mguu ulianza mambo yake. Ulilala upande, unyayo ukageukia ukutani kama vile haumtaki mwenyewe. Halafu ukawa mfupi. Mimi nilipima kwa macho kila asubuhi nilipompelekea uji, nikaona kisigino hiki hakifiki pale kingine kilipofika. Nilimwambia mama kwamba mguu wa Kogo unarudi ndani. Mama akanizaba kofi, halafu akanikumbatia. Siku ya sita wanawake wa kanisa walikuja kuomba, na mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, akafunua blanketi kabla hawajasema amina. "Huyu apelekwe hospitali leo," akasema. "Si kesho. Leo." Walimbeba juu ya godoro mpaka barabarani kwenye pikapu ya jirani, Kogo akiwa ameshikilia kibuyu chake kifuani, kwa sababu alisema ya hospitali si maziwa.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Askari wa getini alikuwa na fimbo fupi na alituchukia sisi watoto kwa moyo wake wote. Jumapili ya kwanza mama alinifunga leso kichwani akaniambia nikohoe, tukapita kama watu wanaoenda kutibiwa. Nilikohoa kwa bidii mpaka nikatapika kidogo, na askari akasogea mbali.

Kogo alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Upande wa miguu kitanda kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali, hivi kwamba alilala kichwa kikiwa chini kuliko miguu, jambo lililoniudhi sana. Mguu wake mbaya ulikuwa umebandikwa plasta pande zote mbili kutoka goti mpaka chini, bandeji ikazungushwa juu. Kutoka kwenye plasta ilitoka kamba. Kamba ikapita juu ya kigurudumu kidogo mwishoni mwa kitanda, ikashuka, na mwishoni mwake, kwenye ndoano, ukaning'inia mfuko wa turubai uliojaa mchanga. Harufu ya gundi ilikuwa kali kuliko harufu ya dawa.

Nyinyi watu wazima mnajua kwamba kamba ile ilikuwa ya kuvuta mguu ili mfupa unyooke. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilisimama pale nikaona kamba, kigurudumu, ndoano na mfuko unaoning'inia, na kitu kama hicho nilikuwa nimekiona mahali pamoja tu maishani. Na kama nilikuwa na shaka, muuguzi aliiondoa. Alikuja amevaa sweta la buluu, akazungumza na baba juu ya kichwa changu.

"Daktari amesema hawezi kupasuliwa saa hii. Huyu shosho ni mwepesi sana, na damu iko chini. Aongeze kilo kwanza, ndio tuone."

"Na akiongeza?" baba akauliza.

"Akiongeza, anapasuliwa, anaanza kutembea, anaenda nyumbani."

Basi! Mambo yote yakawa wazi kama mchana. Kogo alikuwa kwenye mizani. Walikuwa wamemtundika wakangoja sindano, na kilo zake zilikuwa hazitoshi. Nilimwangalia, alivyokuwa mdogo chini ya blanketi, nikajua kwamba kwa uji wa hospitali hatanenepa. Yeye mwenyewe alikuwa amesema ya hospitali si maziwa.

Sikufikiria sana. Watu wazima walipofunga macho kuomba, nilitoka mpaka kwenye maua yaliyopangiwa mawe nje ya wodi, nikachagua jiwe ambalo ningeweza kulibeba kwa mikono miwili. Ninaposema nilichagua, ni kweli: la kwanza lilikuwa dogo nikaliacha. Nikalificha ndani ya leso tumboni, nikarudi wakiwa bado wanaomba, maana mzee wetu wa kanisa aliyekuja nasi hakuwa mtu wa maombi mafupi. Mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kwa ulegevu. Nikaliingiza jiwe katikati kabisa ya mchanga, kama yule jirani wa kituoni. Kamba ililia kidogo. Kogo alikuwa amefunga macho, mdomo wazi, nikadhani amelala. Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Usiseme, Kogo. Nimekuongezea kilo."

Wiki ile niliiishi nikiwa na siri tamu. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba Kogo anarudi. Nilifagia nyumba yake, nikaweka kuni mahali pake, nikakata kwa kisu cha jikoni nyasi za pale mlangoni alipoteleza. Jumatano mama alienda kumwona peke yake, akarudi jioni hasemi, akapika ugali ukaungua. Sikushangaa. Mama na Kogo walikuwa hivyo.

Jumapili ya pili nilikohoa tena getini. Kitu cha kwanza nilichoangalia si uso wa Kogo, ni mfuko. Ulikuwa bado umevimba katikati. Hakuna aliyelitoa! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kogo alikuwa ananiangalia. Jasho lilikuwa kwenye paji la uso ingawa wodi ilikuwa baridi, na midomo ilikuwa imepasuka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Kogo."

"Basi."

Nilidhani ananiuliza kama nimeona amenenepa, na kwa kweli nilikuwa naona amenenepa.

Muuguzi wa sweta la buluu alipita akaona bandeji imelowa. Akaigusa, akaangalia vidole vyake, akaushika mfuko kwa chini. "Mbona hii ni nzito hivi?" Akaufungua, akaingiza mkono, na niliujua huo mkono. Ulikuwa mkono wa Kogo kituoni. Jiwe likatoka likidondosha mchanga sakafuni.

"Nani ameweka hii mawe hapa?"

Nilijisukuma nyuma ya mama nikajifunika na leso yake. Nilijua kinachofuata: jiwe litainuliwa juu, watu watacheka, Kogo atakataliwa. Baba alikuwa amefungua mdomo. Mama alikuwa anaangalia dirisha.

"Ni mimi," Kogo akasema kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha kituoni, maneno machache na yote ya kuamrisha.

"Wewe, shosho? Umeshuka kitanda?"

"Nimeshuka."

"Ukaenda nje, ukachukua mawe, ukarudi ukapanda?"

"Nikapanda," Kogo akasema.

Wagonjwa wakacheka, hata mmoja aliyelazwa kwa kuvunjika mbavu. Mwanamke ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu alilala pale kichwa chini akichekwa na wodi nzima, uso mkavu, na hakunitazama hata mara moja. Muuguzi hakucheka. Alianza kufungua bandeji, na plasta ilipotoka ilitoka na ngozi. Ngozi ya mzee ni nyembamba kama ile inayokaa juu ya maziwa ya moto. Mama alinigeuza uso nikaukandamiza tumboni mwake, lakini nilikuwa nimeshaona, na mpaka leo nikichemsha maziwa siwezi kuitoa ile ngozi kwa kijiko. Namwambia mtu mwingine atoe.

Njiani kurudi nilimwuliza baba, "Sasa watamkataa?"

"Nani?"

"Kogo."

"Hospitali haikatai mtu," baba akasema.

Lakini walimkataa. Kile kidonda cha mguuni kikaoza, plasta haikuweza kubandikwa tena, kamba ikafunguliwa. Baadaye daktari akasema na kidonda kile na homa ile hakuna kupasua, heri apelekwe nyumbani akaangaliwe na watu wake. Wakamrudisha kwenye pikapu ile ile, godoro lile lile. Majirani walisimama kando ya barabara wakiangalia, kama wanavyosimama kuangalia gunia lililorudi.

Hakusimama tena. Alilala nyumbani kwake, na kidonda cha mguu kikapata ndugu mgongoni na mwingine kisiginoni. Mama alimgeuza asubuhi na jioni, akamwosha, akamlisha maziwa kwa kijiko. Sikuwahi kuona mama akifanya kitu kwa upole kama ule. Harufu ya nyumba ile ikabadilika, mkaa wa vibuyu ukashindwa nguvu na harufu nyingine. Nilikuwa nikisimama mlangoni nikiwa nimeziba pua, Kogo ananiita niingie, nami nakimbilia kwenye chai. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilimpenda na nilimkimbia. Kabla shule hazijafungwa alianza kukohoa, na kikohozi chake hakikuwa cha kudanganya askari. Tulimzika nyuma ya nyumba, na mvua ilinyesha hata kaburi lilikuwa linateleza.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nilikua nikijua kwamba nilimuua Kogo kwa jiwe, na nilitumia kosa ambalo yeye alilichukia kuliko yote. Katika arusi za binamu zangu, katika kuzaa kwangu, katika ibada, jiwe lilikuwa pale katikati ya mchanga. Nimekuwa mkali maishani, watoto wangu watawaambia. Mtu akinidanganya hata kwa kitu kidogo natetemeka, na wao hudhani nimerithi kwa Kogo.

Basi Alhamisi ile, plasta ilipobanduliwa na muuguzi akaondoka, nilimwambia mama. Sijui kwa nini siku hiyo. Labda kwa sababu nilikuwa bado na hasira, na hasira hufungua mdomo. Nilimweleza yote, maua, mawe, maombi marefu. Nilisema, "Mama, ni mimi niliyeweka lile jiwe."

Mama alikuwa anakunja leso. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kabisa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliona Jumatano. Nilikuwa namfunika miguu, nikaona mfuko si wa kawaida. Nikaingiza mkono nikalipata. Nikataka kulitoa." Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaushika kwa ule wa kulia juu kidogo ya kiganja. "Kogo akanikamata hapa. Hivi. Na vile alikuwa hana nguvu. Akaniambia, 'Wacha. Ni Cherono ameweka.'"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikamwambia, Kogo, hii inakuumiza. Akasema, 'Ukitoa watauliza. Wakiuliza, mtoto atazuiwa getini. Anakuja Jumapili, kitu cha kwanza ataangalia kama iko. Wacha akute.'"

Umeona? aliniuliza. Nimeona, Kogo. Basi.

Nilimwuliza mama, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Na wewe ukaliacha? Siku nne?"

"Wewe ulikuwa mjukuu wake," mama akasema. "Mimi nilikuwa mke wa mtoto wake. Ulikuwepo siku alinifungua gunia. Ningebishana naye?" Halafu, nilipodhani amemaliza, akasema tena, taratibu, bila kuniangalia. "Hiyo ndiyo nimejiambia. Lakini Alhamisi ningerudi nimwambie muuguzi kando. Hata Ijumaa. Nilichuna chai siku hizo zote na nilijua jiwe liko pale. Sikurudi. Na sijui kama ni heshima, Cherono, au ni lile gunia. Nimejiuliza mpaka nimezeeka. Nimeogopa kwamba siku ukijua, utasema ni mimi nilimmaliza."

Ningemwambia nini? Daktari kijana aliyempasua alikuwa ameniambia jana yake kwamba mzee akivunjika pale, kinachommaliza ni kulazwa, na kwamba ndiyo sababu wanawasimamisha haraka. Ningeweza kumpa mama maneno hayo. Yalikuwa ya kweli. Yalikaa mdomoni yakakataa kutoka, kwa sababu nilikuwa naona wanawake watatu wa boma moja, kila mmoja ameshika jiwe lile lile, na Kogo tu ndiye aliyekuwa amelibeba kwa kupenda.

Nililia. Mama naye akalia, kwa sauti, hata yule mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupa nafasi. Kisha mama akajifuta kwa ile leso iliyokunjwa, akavuta fremu karibu.

"Yule kijana alisema nisimame tena kabla ya chakula," akasema. "Nishike."

Nikamwekea mikono chini ya kwapa. "Mguu gani kwanza?"

"Mbaya."

Nikamwinua. Mtu aliyekulia kituoni hawezi kunyanyua kitu bila mikono kukisoma, na mikono yangu ikamsoma mama kabla sijaikataza. Nikasema, "Uko sawa, Mama, uko mzito kabisa," na akajua kwamba nadanganya.